Ukinunua Taa ya Baiskeli Butali, Anza na ya Nyuma

Jua la Butali haliagi kwa muda mrefu. Mwezi wowote wa mwaka, jua hilo huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na likishazama unabakiwa na dakika ishirini hivi za mwanga kabla giza halijafunga. Aliyetoka sokoni akiiona njia vizuri anaweza kufika kwake akiipapasa. Tena si jioni tu. Anayekwenda kukata miwa, anayepeleka maziwa, anayeingia au kutoka zamu ya usiku kiwandani, wote hukanyaga pedali saa ambayo ni jogoo peke yake mwenye uhakika kwamba kunakucha.

Nawaandikia hao. Siwaandikii wenye baiskeli nyepesi za mashindano na taa za bei ya mbuzi wawili. Nina picha ya mtu mwenye baiskeli ya Black Mamba, au ya gia ya mtumba, yenye keria nyuma na mzigo juu ya keria. Njia yake ni nusu lami, nusu udongo. Kwenye lami yuko kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, sehemu ya ile A1 inayotoka Isebania mpakani na Tanzania ikapanda hadi kaskazini kuelekea Sudan Kusini, kwa hiyo malori yanayompita hayana habari na Butali. Yana habari na kufika. Kwenye udongo yuko katikati ya miwa iliyomzidi kimo, mahali ambapo hata mbalamwezi haifiki chini.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndipo makosa yanapoanzia. Mtu akiwa na pesa ya taa moja hununua ya mbele. Inaeleweka: giza analiona mbele, mashimo yako mbele, mbwa wa jirani yuko mbele. Lakini shimo litakuangusha, utachubuka goti, utaokota viazi vyako uendelee. Lori linalokujia kwa nyuma halikupi nafasi ya kuokota kitu. Kwa hiyo ukiwa na pesa ya taa moja, nunua nyekundu ya nyuma, na mbele uende polepole na tochi uliyo nayo nyumbani mpaka mwezi ujao.

Chukua hesabu ndogo. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde. Dereva akiwa amewasha taa za chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi humtokea akiwa mita 30 hivi mbele yake, pengine chini ya hapo kukiwa na mvua. Kutoka jicho lione hadi mguu ufike kwenye breki hupita kama sekunde moja na nusu, yaani mita 33. Maana yake amekufikia na kukupita kabla hajagusa breki. Taa nyekundu ya kawaida, hata ile ndogo ya betri mbili, huonekana kutoka mita mia kadhaa. Humpa dereva sekunde kumi na zaidi za kufikiri, na dereva aliyepewa sekunde kumi hukukwepa bila hata kukumbuka baadaye kwamba alikukwepa.

Taa hiyo ya nyuma iwe vipi? Kwanza, iwe nyekundu. Nasema hivi kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kufunga taa za bluu, kijani na zambarau zinazokimbizana kwenye spoku, tulioiga kwa vijana wa bodaboda. Zinapendeza, sikatai. Lakini dereva usiku husoma barabara kwa rangi: nyekundu ni mtu anayekwenda mbele yangu, nyeupe ni mtu anayenijia. Ukiweka nyeupe nyuma umemwambia uongo, naye atauamini. Pambo lako liache liwe pambo, ila juu yake weka nyekundu iliyo wazi.

Pili, uso wake uwe mpana. Taa yenye kioo cha upana wa vidole vitatu ni bora kuliko kichonge kimoja kinachochoma macho, kwa kuwa nukta moja gizani haina umbali. Dereva huiona lakini hajui iko mita 50 au 200. Kwa sababu hiyo hiyo, usiiweke kwenye hali ya kupepesa tu. Kupepesa huita jicho, na jioni penye magari mengi husaidia, lakini penye giza totoro taa inayowaka mfululizo ndiyo inayomwezesha dereva kupima uko wapi na unakwenda kasi gani. Kama mfuko unaruhusu, weka mbili: moja itulie, nyingine ipepese. Na ikizimika moja, hujabaki kipofu wa nyuma.

Tatu, na hapa ndipo wengi wenye taa nzuri hupoteza pesa yao, iwe mahali inapoonekana. Taa nyingi za dukani huja na mkanda wa kufungia kwenye nguzo ya kiti. Huo ni mpango wa nchi ambazo baiskeli haibebi kitu. Butali keria haikai tupu: kuna gunia la mahindi, majani ya ng'ombe yaliyoning'inia pande zote mbili, mitungi miwili ya maziwa, au shangazi aliyekaa upande na leso yake. Chochote kati ya hivyo hufunika nguzo ya kiti kabisa, na wewe unaendesha ukiamini unaonekana huku taa inamulikia gunia. Mwambie fundi akuwekee kipande cha chuma mwisho wa keria, au akutobolee madigadi ya nyuma, taa ikae pale chini ya mzigo. Ukibeba majani, hata hapo hapatoshi, maana hushuka kama pazia. Siku hiyo ivue taa uifunge kwenye mwisho wa mzigo wenyewe, au ya pili uibane mgongoni kwenye koti. Kisha simamisha baiskeli ukutani ikiwa na mzigo wake wote, rudi nyuma hatua mia moja, utazame. Kama wewe uliyeifunga huioni, dereva aliyechoka kutoka Kitale hataiona.

Kabla hujanunua chochote zaidi, kuna mambo ya bure au karibu na bure. Black Mamba nyingi zilikuja na sehemu nyeupe kwenye madigadi ya nyuma na rifleta nyekundu ya duara. Mwenye baiskeli akaipaka rangi, au matope ya masika yakaganda hapo tangu Aprili. Osha. Rifleta haina betri wala fundi. Hurudisha mwanga wa gari kule kule ulikotoka, kwa ujanja ule ule wa yale macho ya paka yaliyopachikwa katikati ya lami, ambayo Mwingereza Percy Shaw aliyabuni mwaka 1934. Lakini ina kasoro moja: hufanya kazi pale tu inapomulikwa. Trekta lenye taa moja iliyokufa na nyingine inayotazama mbinguni haliiamshi. Ndiyo maana rifleta ni msaidizi wa taa, haishiki nafasi yake.

Rifleta bora kuliko zote ni ile inayopanda na kushuka. Za njano kwenye pedali, au, kama pedali zako ni zile za mpira zilizolika, ukanda wa rifleta uliobandikwa kwenye visigino vya gambuti. Jicho la mwanadamu hutambua mwendo wa miguu ya mwanadamu upesi mno. Nukta mbili zinazopokezana kupanda na kushuka humwambia dereva "huyu ni mtu" kabla hajaona mtu mwenyewe. Wakata miwa wanavaa gambuti kila siku. Ukanda wa urefu wa kiganja kwa kila mguu unatosha. Na kama una ndugu mwenye pikipiki, mwombe jaketi lake la zamani la rifleta. Hata likiwa limepauka, linalishinda shati jeusi.

Sasa taa ya mbele.

Hii ina kazi mbili zisizofanana, kuonekana na kuona, na bei yake hutegemea unataka ipi. Kwenye lami, penye maduka na taa za magari, kuonekana kunatosha, na kitaa kidogo cheupe kitafanya hivyo. Kwenye njia ya udongo kati ya mashamba unahitaji kuona. Ukienda kilomita 15 kwa saa unakula mita nne kila sekunde; taa inayoonyesha mita kumi tu inakupa sekunde mbili na nusu za kuamua kama kile cheusi ni kivuli, dimbwi, au bua la muwa lililoanguka kwenye trela. Bua la muwa chini ya tairi la mbele ni jambo baya, huviringika kama gogo.

Kwenye boksi utaona nambari za lumeni, kipimo cha mwanga wote unaotoka. Kwa njia zetu, lumeni 200 hadi 400 za kweli zinatosha na kubaki. Nasema za kweli kwa sababu taa iliyoandikwa lumeni 10,000, inayouzwa kwa bei ya mlo wa hotelini, haina lumeni 10,000. Puuza nambari, tazama umbo la mwanga. Ingia nayo ndani ya duka penye giza, simama mita tano kutoka ukutani, uwashe. Ukiona duara dogo kali katikati na weusi pembeni, hiyo ni tochi ya kutafutia mwizi kwenye paa. Njiani itakuonyesha shimo moja na kukuficha matatu. Unataka mwanga uliotandazika kwa upana, wenye makali kiasi juu na unaofifia ukija chini karibu nawe. Ujerumani sheria yao hudai taa ya baiskeli ikatwe juu kama ya gari isipande machoni mwa watu, na ukibahatika kupata ya namna hiyo kwenye mitumba, nunua hata ikiwa na mikwaruzo.

Isipokatwa juu, iinamishe mwenyewe. Sehemu kali ya mwanga iguse ardhi mita sita au saba mbele ya tairi. Ukiinyoosha mbele kama wengi wanavyofanya, unampofusha anayekuja, na aliyepofushwa huja kwako moja kwa moja kwa kuwa hajui ukingo wa barabara uko wapi. Kupepesa kwa mbele kuache kabisa usiku. Njia itaonekana kama picha zinazokatika.

Vipi kuhusu vya kuungaunga? Nimeviona vyote, na vingine nimevitumia. Ile simu ndogo ya tochi tunayoiita mulika mwizi, iliyoingia na Nokia 1100 mwaka 2003, ni rafiki mwema wa kutafutia ufunguo. Ukiishika mkononi umebaki na breki moja, ukiiuma mdomoni umebaki bila breki ya ulimi siku utakayoingia shimoni. Taa ya sola ya nyumbani iliyotundikwa kwenye usukani hutupa mwanga kila upande, na mwingi unarudi machoni mwako; unaona usukani wako vizuri sana na barabara vibaya. Tochi ya mkononi iliyofungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu ndiyo iliyo bora kati ya hizi. Ifunge kwa mizunguko minne ya mpira uliovutwa, na chini yake weka kipande kingine cha tyubu isiteleze. Tochi ya kichwani hutazama unakotazama, jambo zuri kwenye kona za miwa na ukipata pancha, lakini kila unapomgeukia mtu kumsalimia unamchoma macho. Na hapa kwetu huwezi kumpita mtu bila kumsalimia.

Betri ndiyo sura inayodanganya watu zaidi ya zote. Taa nyingi za sasa hutumia betri ya kuchaji ya mviringo inayoitwa 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Betri nzuri kabisa ya kipimo hicho ina uwezo wa mAh 3,500 hivi, basi. Teknolojia haijavuka hapo kwa mbali. Kwa hiyo ukiona imeandikwa 9,900 huhitaji fundi kukuambia ni ya uongo. Mwenye kuiandika amekuambia mwenyewe. Mimi niliwahi kuinunua moja kwa muuzaji aliyeniapia mama yake. Ilinifikisha nusu ya njia kwa siku nne, siku ya tano ikanifikisha robo. Tangu hapo napima kwa mkono: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, na ile ya kujifanya mara nyingi ni nyepesi mpaka unashangaa.

Betri ya mAh 3,000 yenye volti 3.7 ina nishati ya wati 11 kwa saa moja. Taa inayokula wati 3 itawaka saa tatu na nusu. Kama safari yako ni robo tatu ya saa kwa siku, unachaji mara moja kila siku ya nne. Taa inayojitapa kwa wati 10 itaimaliza kwa saa moja, na bado utaendesha kwa mwendo ule ule. Nunua ndogo inayodumu. Tundu la chaji liwe la waya wa simu wa kawaida, ili popote panapochajiwa simu, kwenye sola ya nyumbani au kibandani sokoni, nayo ichajike. Usiiache ikichaji usiku kucha juu ya godoro. Betri za aina hii zikiharibika hushika moto.

Kama nyumbani hakuna umeme wa kutegemewa, usidharau taa ya mawe, yaani betri kavu zisizochajiwa. Yale mawe makubwa ya Eveready tuliyolelewa nayo yalitengenezwa Nakuru mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014, lakini mawe ya kila saizi yangali kwenye kila duka la kijijini, na taa nyekundu ya nyuma inayotumia mawili madogo huenda wiki nyingi. Kwa ya nyuma mimi hupendelea hivyo. Kwa ya mbele mawe ni ghali ukijumlisha mwaka.

Na dainamo? Wazee wataniuliza. Ile chupa ndogo inayosuguana na tairi hutoa volti 6 na wati 3, haihitaji chaji, na baiskeli nyingi za zamani bado zinayo. Sitakuambia uitupe. Ila ijue tabia yake: tairi likilowa inateleza, na ukisimama njia panda kungoja lori lipite, taa zote mbili zinazimika wakati huo huo unaozihitaji. Jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ya nyuma, nayo inaungua sekunde hiyo hiyo. Ukitaka kuweka balbu ya LED, fundi asiunge moja kwa moja, kwa sababu umeme wa dainamo hubadilika mwelekeo na LED huhitaji wa mwelekeo mmoja; aweke kwanza kifaa cha kuunyoosha. Na hata hivyo, nyuma bado weka taa ya betri inayojitegemea.

Mvua ya Kakamega hupenda alasiri na jioni, na huja na radi zake. Tafuta herufi IPX kwenye boksi. IPX4 ni kwamba inavumilia kurushiwa maji kutoka kila upande, na hiyo yatosha. IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, nzuri kama unavuka mito, vinginevyo ni pesa ya ziada. Kusipokuwa na maandishi, kagua kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji. Kikiwa kimelegea dukani, masika yataingia ndani. Mfuko wa nailoni wa maziwa uliofungwa kwa mpira umeokoa taa nyingi, ingawa haupendezi.

Ukiwa barabarani, yajue mambo matatu ya usiku wa msimu wa miwa. Trela lililobeba miwa linaweza kuwa limesimama pembeni bila taa wala kizuizi chochote cha kuonya, na miwa iliyochomoza nyuma hufika usawa wa kifua chako; hilo hutaliona kwa taa ya kuonekana tu, ndiyo sababu nimesisitiza upana wa mwanga. Lori likija na taa kali, usilitazame. Angalia ukingo wako wa kushoto, punguza mwendo, na fumba jicho moja mpaka lipite. Jicho lililofumbwa hubaki limezoea giza, wakati lile lingine huhitaji dakika nyingi kurudi. Na ukifika sokoni, vua taa uitie mfukoni. Kamba ya mpira iliyo rahisi kwako kufungua ni rahisi kwa kila mtu.

Limebaki la kumbikumbi. Mvua zikianza, jioni moja wataruka wote kwa pamoja, na taa yako ya mbele itakuwa karamu yao. Wataingia machoni, puani, na mdomoni kama unaimba. Usiku huo kama una tochi ya kichwani ivue, maana unawaita usoni. Tumia ya kwenye usukani iliyoinama chini, vaa miwani yoyote isiyo nyeusi, na ufunge mdomo. Au simama, inamisha taa juu ya beseni la jirani aliye karibu, na mgawane mtakachookota.